Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: viungo vinapotea kabla familia haijaulizwa

Kwa: Wakurugenzi wa hospitali zenye wodi za wagonjwa mahututi (ICU), waganga wakuu, na viongozi wa afya wanaozisimamia

Kutoka kwa: Waratibu wa uchangiaji wa viungo na tishu

YAH: SAA ZINAZOPOTEA KATI YA WODI NA CHUMBA CHA UPASUAJI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Yaliyomo humu si mageni kwenu. Yamo katika taarifa zetu za kila robo mwaka, yamo katika kumbukumbu za vikao, na mengine yalishaturudia yakiwa na muhuri wa "imepokelewa". Tumeamua kuyasema hadharani kwa sababu muhuri ule haukubadilisha kitu wodini.

Idadi ya wachangiaji ikishuka, maelezo huwa ni yale yale: wananchi hawana mwamko, familia zinakataa, imani na mila zinazuia. Basi kampeni inaandaliwa, mabango yanachapishwa, fulana zinagawiwa. Sisi tunaoshika mafaili tunaona jambo jingine. Familia zinazokataa zipo, na haki yao tunaiheshimu. Ila faili baada ya faili linafungwa kabla ndugu yeyote hajaulizwa chochote: simu haikupigwa, daktari wa pili hakupatikana, presha iliachwa ishuke, maabara ilikuwa imefungwa. Bango halitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Simu inachelewa kupigwa, au haipigwi kabisa

Mgonjwa anayeweza kuja kuwa mchangiaji wa viungo hutambulika mapema. Ana jeraha kubwa la kichwa, au damu imevujia kwenye ubongo, au kiharusi kizito, au ubongo ulikosa oksijeni moyo uliposimama. Yuko kwenye mashine ya kupumulia. Alama zake za fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15, zimeshuka hadi 5 au chini ya hapo, na dawa za usingizi si sababu. Alama hizo, au kupotea kwa mwitikio mmoja wa shina la ubongo, au daktari kuanza kuzungumzia kusitisha matibabu: lolote kati ya hayo lingetosha muuguzi wa zamu anyanyue simu.

Simu hiyo si ombi la viungo. Inamwezesha mratibu kusoma faili na kukaa kando, huku matibabu ya kumwokoa mgonjwa yakiendelea bila kupunguzwa. Wapo wanaopata nafuu, nasi huondoka bila ndugu kujua kuwa tuliwahi kufika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kinachotokea ni kwamba tunapigiwa baada ya mashine kuzimwa, au tunaambiwa mwili uko mochwari tangu alfajiri. Hakuna kigezo kilichoandikwa ukutani, kwa hiyo kila daktari anatumia busara yake, na busara hiyo mara nyingi humhukumu mgonjwa kuwa hafai: ni mzee, ana presha, alikuwa na maambukizi. Kufaa au kutofaa hakuamuliwi wodini. Ini la mtu wa miaka 70 linaweza kufanya kazi vizuri kabisa kwa mtu mwingine, maana ini huvumilia umri kuliko moyo. Maambukizi ya bakteria yaliyokwisha kutibiwa ipasavyo hayamfungii mtu mlango. Hata virusi vya UKIMWI havina jibu moja kwa kila mahali: madaktari wa Cape Town walianza mwaka 2008 kupandikiza figo kutoka kwa wachangiaji wenye virusi hivyo kwenda kwa wagonjwa ambao nao wanavyo. Tupigieni tuseme "hafai" sisi wenyewe. Simu iliyopigwa bure haina hasara.

2. Kuthibitisha kifo cha ubongo kunategemea nani yuko kazini

Hapa ndipo saa nyingi zinapoliwa, na hapa ndipo uzembe unaweza kuvunja imani ya umma kwa miaka mingi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifo cha ubongo ni kifo, nacho hakithibitishwi kwa kukadiria. Kwanza chanzo kijulikane, na picha ya CT ya kichwa ilingane nacho. Kisha kiondolewe kila kinachoweza kuiga kifo: joto la mwili liwe angalau nyuzi 36, presha ya juu isiwe chini ya 100, sukari na chumvi za damu zisiwe zimevurugika kiasi cha kuzima fahamu. Dawa za usingizi ziwe zimetoka mwilini. Kanuni inayotumika ni kusubiri angalau mara tano ya muda ambao nusu ya dawa huchukua kutoka, na zaidi ya hapo kama figo au ini limefeli au mgonjwa alipozwa mwili. Dawa za kulegeza misuli huhakikiwa kwa kifaa kinachochokoa mishipa ya fahamu kwa umeme. Aliyesimama moyo hapimwi kabla ya saa 24.

Ndipo vipimo vyenyewe vianze: mboni kwa mwanga, konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa kuguswa, macho kwa kugeuza kichwa, maumivu usoni, koo, kikohozi kwa mpira wa kunyonya makohozi. Kipimo cha maji ya barafu kinahitaji angalau mililita 50 kwa kila sikio, kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30, dakika moja ya kutazama macho, na dakika tano za kusubiri kabla ya sikio la pili. Sikio litazamwe kwanza. Nta au damu iliyoganda ikiziba njia, maji hayafiki yanakotakiwa na jibu halina maana.

Cha mwisho ni kipimo cha kupumua. Mgonjwa hupewa oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10, hewa ukaa ya damu ya ateri ikiwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki, kisha mashine inaachishwa huku oksijeni ikiendelea kupelekwa kwenye mapafu. Hewa ukaa hupanda kwa takriban milimita 3 kila dakika, kwa hiyo dakika 8 hadi 10 kwa kawaida zinatosha. Ikifika 60 au zaidi, ikiwa imepanda angalau 20 kutoka ilipoanzia, pH ya damu, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 7.30, na kifua hakijainuka hata mara moja, hapo imethibitika kwamba mtu huyu hapumui mwenyewe. Presha ikianguka au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 85, kipimo kinasimamishwa, na hapo ndipo uchunguzi wa mtiririko wa damu kichwani unapohitajika.

Sasa tazameni kinachokwama. Mashine ya kupima gesi za damu haina katriji, au iko jengo jingine na sampuli inatembezwa kwa mguu. Dripu ya dawa ya usingizi imeachwa ikitiririka kidogo kidogo "ili atulie", na kila saa inayotiririka inasogeza mbele muda wa kupima. Mashine ya kupumulia imewekewa usikivu mkali mno, inahesabu mtikisiko wa moyo au maji yaliyokusanyika kwenye mipira kuwa ni pumzi, na daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa bado anapumua. Punguzeni usikivu, toeni maji, mtaona. Mkono au mguu unajikunja, muuguzi anashtuka, anawaambia ndugu kwamba mgonjwa anaamka. Mwitikio huo hutoka kwenye uti wa mgongo na unaweza kuonekana hata ubongo ukiwa umekufa. Mfanyakazi wa ICU ambaye hajawahi kufundishwa jambo hili ataivuruga familia bila kukusudia, na maneno aliyokwisha kuyasema hayarudi.

Halafu kuna daktari wa pili. Pale ambapo utaratibu unataka madaktari wawili, huyo wa pili anapatikana siku za kazi tu. Ijumaa jioni ikifika, hakuna. Mgonjwa ambaye angeweza kupimwa jioni hiyo anasubiri Jumatatu, na moyo wake hausubiri. Tumewahi hata kushauriwa, katika hospitali ambayo hatutaitaja, tumtumie daktari wa timu ya upandikizaji "kwa kuwa yupo". Hapana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyoidhinishwa mwaka 2010 inakataza wazi: anayethibitisha kifo asihusike na kutoa viungo wala na matibabu ya atakayevipokea. Uharaka haufuti sharti hilo.

3. Mwili unaachwa katika saa ambazo unahitaji uangalizi zaidi

Kifo kikishathibitishwa, wodi nyingi hupumua. Daktari anahamia kitanda kingine, vipimo vya kila saa vinakuwa vya kila saa sita, na tunaambiwa, "si ameshafariki?" Ndiyo, amefariki. Lakini mpaka familia itoe jibu lake, ama la kukubali ama la kukataa, njia isifungwe kwa uvivu wetu.

Ubongo unapokufa, presha hupaa kwa muda mfupi kisha huanguka. Tezi iliyo chini ya ubongo huacha kutoa homoni inayobana mkojo, na mkojo unaanza kutoka zaidi ya mililita 4 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni karibu mililita 280 kila saa, lita kadhaa kwa usiku mmoja. Sodiamu, chumvi ya damu, inapanda. Muuguzi anaona presha imeshuka, anafungua dripu ya maji ya chumvi, na sodiamu inazidi kupanda. Ikipita milimoli 155 kwa lita, ini linaingia mashakani. Dawa yake inajulikana na haihitaji mtambo wowote: desmopresini mikrogramu 1 hadi 4 kwa mshipa au vasopresini kwa dripu ndogo (zote hushika nafasi ya homoni iliyokosekana), maji yasiyo na chumvi kupitia mpira wa tumboni au mshipani, na sodiamu ipimwe tena baada ya saa chache. Wanaotumia dekstrosi (maji ya sukari) waiangalie sukari, isizidi milimoli 10 kwa lita.

Malengo yaandikwe kwenye karatasi moja ibandikwe kitandani: presha ya wastani isipungue 65, mkojo kati ya mililita 0.5 na 3 kwa kilo kwa saa, joto nyuzi 36 hadi 37.5, sodiamu chini ya 155. Joto husahaulika kuliko yote, maana mwili huu hautetemeki wala haujipashi. Bila blanketi la kupasha utapoa wenyewe.

Mapafu yana habari ya peke yake. Jaribio lililofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 lililinganisha uwekaji wa mashine wa mazoea na uwekaji wa kulinda mapafu: pumzi ndogo za mililita 6 hadi 8 kwa kilo ya uzito stahiki, shinikizo la mwisho wa pumzi la sentimita 8 hadi 10 za maji, mzunguko uliofungwa wakati wa kunyonya makohozi. Wachangiaji ambao mapafu yao yalitolewa walipanda kutoka asilimia 27 hadi 54. Hakuna dawa mpya iliyonunuliwa wala jengo lililojengwa. Ni vitufe vya mashine ambayo tayari imesimama pale.

4. Mazungumzo na familia yanavurugwa kabla hatujafika

Mpangilio wake ni huu. Daktari anayetibu anatoa habari ya kifo, kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma: "amefariki". Familia inapewa muda. Wakishaelewa, na mara nyingi wao wenyewe huuliza "sasa nini kinafuata?", ndipo mratibu anaingia, anatambulishwa, anaketi. Mambo mawili, nyakati mbili, watu wawili.

Tunachokikuta ni daktari aliyeunganisha yote kwa pumzi moja kwenye korido, karibu na lifti: hali ni mbaya, hakuna matumaini, na je, mngependa kuchangia viungo? Au aliyetangulia kuwaambia, kwa nia njema, kwamba "kuna watu watakuja kuwaomba kitu". Familia inayosikia ombi kabla haijasikia kifo itaamini kwamba mgonjwa wao aliachwa afe. Hatuwezi kuwalaumu.

Maneno nayo yana madhara. Ukisema "tunamsaidia kupumua" juu ya mtu uliyekwisha kumtangaza kuwa amefariki, umekana tangazo lako mwenyewe. Sema mashine inasukuma hewa na moyo unapiga kwa sababu ya hewa hiyo. Usiseme "mabaki", wala "kuvuna". Usiwaahidi ndugu kwamba viungo vyote vitatumika, maana vingine hukataliwa mezani, na familia iliyoahidiwa hukaa na swali hilo miaka.

Tunahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, viti vya kutosha na maji ya kunywa. Chumba hicho kwa sasa ama ni stoo ya mashuka ama ofisi ya mtu anayeingia na kutoka. Ridhaa huchukuliwa kiungo kwa kiungo, tishu kwa tishu, na swali la utafiti huulizwa peke yake. Fomu inayosema "viungo vyote" kwa mstari mmoja inaomba mgogoro. Pale ambapo kifo kina jinai au ajali ndani yake, idhini ya mamlaka ya uchunguzi iombwe mapema, sambamba na mengine. Tukisubiri ridhaa ndipo tuanze kumtafuta afisa usiku wa manane, saa nyingine tano zimekwenda.

Tunaongeza hili kwa makusudi: msitupime kwa idadi ya familia zilizosema ndiyo. Mratibu anayehesabiwa hivyo atashawishika kusukuma. Tupimeni kwa idadi ya familia zilizoulizwa vizuri na kwa wakati.

5. Maabara inafungwa jioni

Kabla ya kiungo kutolewa kuna kundi la damu, aina ya tishu, na vipimo vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, na virusi vingine ambavyo huongoza matibabu ya mpokeaji. Kundi la damu lipimwe kwa sampuli mbili zilizochukuliwa nyakati tofauti. Sampuli moja iliyogawanywa kwenye mirija miwili haikamati kosa la jina. Kipimo cha kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mpokeaji huchukua saa kadhaa. Kikianza saa nane usiku, asubuhi upasuaji unawezekana. Kikianza asubuhi, siku nyingine imekwenda.

Kosa linalojirudia ni sampuli iliyochukuliwa baada ya mgonjwa kumiminiwa damu na maji mengi. Kingamwili zinachanganywa na damu ya watu wengine, na majibu ya "hana" hayaaminiki. Kwa hiyo mrija wa damu uliochukuliwa siku ya kulazwa, kabla ya kuongezewa damu, ni mali. Tunaomba usimwagwe. Vipimo vinavyotafuta vinasaba vya virusi navyo si anasa: kwa homa ya ini C, kingamwili zinaweza kuchelewa takriban miezi miwili kuonekana, ilhali vinasaba huonekana ndani ya wiki moja au mbili.

6. Chumba cha upasuaji

Moyo ukishatolewa na kupozwa una saa 4 hadi 6. Mapafu 6 hadi 8. Ini hadi 12 hivi. Figo huvumilia saa 24, wakati mwingine hadi 36, ingawa kila saa inapunguza kitu. Kwa sababu hiyo kila hatua hupangwa kurudi nyuma kutoka saa ya kubana mshipa mkuu: timu ya moyo inaondoka saa ngapi, mpokeaji anaingizwa saa ngapi, gari linasubiri mlango gani. Chumba kikisogezwa kwa saa tatu kwa sababu orodha ya kawaida haijaisha, yote haya yanaporomoka, pamoja na mpokeaji ambaye ameshafunguliwa au yuko njiani.

Ya dharura tunayaelewa, mama wa kujifungua hasubiri. Tunachopinga ni kuwekwa nyuma ya upasuaji ambao ungeweza kufanyika wiki ijayo.

Na barafu. Inashangaza kuandika hili kwenye barua ya wazi, lakini barafu safi iliyosagwa hukosekana. Kiungo huwekwa kwenye mfuko wa kwanza pamoja na maji ya kuhifadhia, wa pili maji ya chumvi yaliyopozwa, wa tatu mkavu, ndipo sanduku la barafu, nyuzi takriban 4. Mtu asiyejua akikiweka moja kwa moja kwenye barafu, kinaganda na kufa palipogusana.

7. Tishu hazikumbukwi kabisa

Tishu hazihitaji mashine ya kupumulia wala ICU. Aliyefariki wodi yoyote anaweza kutoa konea, na mtu mwenye saratani ya kiungo cha ndani mara nyingi bado anaweza kutoa konea, ingawa si mwenye saratani ya damu. Konea haihitaji kulinganisha kundi la damu kama figo. Ngozi kwa walioungua, vali za moyo, mifupa na kano, vyote vina muda mrefu kuliko viungo: mwili ukipozwa mapema, dirisha hufika takriban saa 24, kwa konea tunapenda iwe mapema zaidi.

Kazi inayotakiwa wodini ni ya dakika mbili. Funga kope vizuri, inua kichwa kwa mto, weka pamba yenye maji baridi juu ya macho, andika saa ya kifo na saa mwili ulipoingia kwenye jokofu. Saa hiyo ya pili haiandikwi. Tunafika mochwari tunakuta jina na tarehe tu, na kwa kukosa tarakimu moja tunalazimika kuondoka mikono mitupu. Macho yaliyoachwa wazi chini ya feni yameshakauka. Wahudumu wa mochwari hawajawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote, ilhali wao ndio walioshika saa.

8. Bili

Gharama za baada ya kifo kuthibitishwa, yaani kitanda, dawa, vipimo na upasuaji wa kutoa viungo, haziihusu familia. Bado zinaingia kwenye bili moja na kuletwa dirishani kwa wafiwa. Funguni akaunti ya pili saa kifo kinapotangazwa. Kumlipa mtu kwa viungo ni marufuku na tunakubaliana na marufuku hiyo. Kumtoza kwa kuvitoa ni aibu.

9. Simu kutoka juu

Tutakuwa wazi. Tunapigiwa simu na watu wenye vyeo wakiulizia "ile figo", na jina la mtu linatajwa. Orodha ya wanaosubiri inafuata hali ya mgonjwa, ulinganifu na muda wa kusubiri. Siku itakapojulikana kwamba simu moja inapandisha jina, kampeni zote mlizolipia zitakuwa zimekwisha siku hiyo hiyo. Tunaomba ulinzi wa maandishi: kila simu ya aina hiyo iandikwe, na mratibu asihamishwe kwa kukataa.

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo tuyatangulie.

Mtasema sheria haiko wazi. Hispania ilipitisha mwaka 1979 sheria ya ridhaa ya kudhaniwa, yaani aliyefariki huhesabiwa kuwa ameridhia isipokuwa alikataa akiwa hai, na bado miaka 10 baadaye ilikuwa na wachangiaji takriban 14 tu kwa kila watu milioni. Mwaka 1989 waliunda shirika lao la kitaifa, wakaweka mratibu ndani ya kila hospitali inayohusika, wengi wao wakiwa madaktari wa ICU, wakaanza kukagua kila kifo cha wodi hizo. Mwaka 2016 walikuwa wamevuka 40. Na familia huko bado inaulizwa. Sheria haikuguswa, kilichoguswa ni zamu.

Mtasema hakuna fedha. Mengi tuliyoyaorodhesha ni karatasi ya ukutani, orodha ya zamu, blanketi na barafu. Na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki mwaka hadi mwaka hugharimu zaidi ya yule aliyepandikizwa, mkijumlisha miaka yote.

Mtasema vitanda vya ICU havitoshi. Ni kweli, na kitanda kilichoshikwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu kikimngoja daktari wa pili ni kitanda kilichopotezwa na ratiba yenu.

Mtasema mratibu tayari yupo. Yupo kwenye karatasi. Ni muuguzi mwenye zamu kamili ya wodi, ambaye "akipata nafasi" afuatilie. Kazi hii inaweza kuchukua saa 24 hadi 48 mfululizo kwa mchangiaji mmoja. Nafasi hiyo haipatikani.

Tunachoomba:

Vigezo vya kupiga simu viandikwe kuwa agizo la hospitali, si ushauri, na viwe na saa: ndani ya saa moja tangu kigezo kitimie. Kila mwezi vifo vyote vya ICU vikaguliwe faili kwa faili, na matokeo yaje kwenu yakionyesha ni hatua ipi ilipoteza nini.

Orodha ya madaktari wanaoruhusiwa kuthibitisha kifo cha ubongo iwe na zamu ya kuitwa siku zote saba, majina yabandikwe, na fomu moja ya hatua kwa hatua itumike kila mara. Asiyeijaza yote asitie saini.

Mratibu mwenye kazi hiyo tu, na msaidizi wake, kwa kila hospitali yenye ICU. Walipwe saa za usiku na wapewe mapumziko baada ya kazi ndefu. Mtu aliyekesha siku mbili hafai kuhakiki kundi la damu.

Makubaliano ya maandishi na maabara na chumba cha upasuaji juu ya usiku na sikukuu. Chumba cha familia. Akaunti tofauti ya gharama. Mafunzo kwa wahudumu wa mochwari. Kitabu cha kufuatilia kila kiungo na kila tishu kutoka kwa nani kwenda kwa nani: Umoja wa Ulaya unataka kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 30, na sisi tunaomba hata kabati lenye kufuli kwa kuanzia.

Na barua ya shukrani kwa familia iliyochangia, isiyotaja jina la mpokeaji, ikieleza kwa ukweli kilichotumika na kilichoshindikana. Ni ukurasa mmoja. Mpaka sasa tunaiandika wenyewe, kwa karatasi tunayojinunulia.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yakitaja cheo kitakachowajibika kwa kila jambo na tarehe ya kuanza. Hospitali itakayotaka kuanza na jambo la kwanza peke yake, yaani simu, itufahamishe: tutakuja kuwafundisha wauguzi wa zamu ya mchana na ya usiku, nayo haihitaji bajeti wala kikao kingine.

Wenu katika kazi,

Waratibu wa uchangiaji wa viungo na tishu